Upake nini kwenye mdomo wa tairi la pikipiki?

Madereva wa bodaboda wanaofunga matairi wenyewe nyumbani wananiuliza swali hili kuliko jingine lolote: "Fundi, nipake nini ili tairi liingie?" Mara nyingi anayeuliza ameshashika kitu mkononi. Oili chafu iliyomwagwa jana kwenye injini, grisi ya bearingi, au kopo la mafuta ya mgando alilolichukua chumbani kwa mkewe. Jibu langu halibadiliki: weka chini hicho, kachukue sabuni. Lakini si kila sabuni, na ndiyo maana naandika.

Nafanya kazi ya matairi ya pikipiki Dar es Salaam, na jambo hili linaniuma kwa sababu ubaya wake hauonekani siku ya kufunga. Tairi lililopakwa oili linaingia vizuri kabisa, linajaa upepo, pikipiki inaondoka. Matatizo yanakuja baadaye, abiria akiwa nyuma, na hapo mwenye pikipiki anailaumu tyubu kuwa ni feki.

Tuanze na kazi yenyewe. Mdomo wa tairi, yaani ule ukingo wake unaokalia rimu, una waya wa chuma ndani yake, na waya huo hautanuki hata ukauvute kwa tailiva, kile chuma cha kuingizia tairi, ndefu kiasi gani. Tairi linaingia kwa sababu rimu ina bonde katikati: unasukuma upande mmoja wa mdomo uzame kwenye bonde, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka ukingo. Kilainishi kinasaidia mpira uteleze juu ya chuma badala ya kung'ang'ania na kuchanika. Ukishaanza kujaza upepo kina kazi ya pili: mdomo utoke bondeni, ukwee mpaka kwenye kikalio chake na ukae sawasawa mzunguko mzima. Ule mlio wa "pa!" unaousikia ni mdomo ukifika mahali pake.

Baada ya mlio huo kazi ya kilainishi imekwisha, na kinatakiwa kiondoke, kikauke kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanapima kilainishi kwa jinsi kinavyoteleza dakika ile, ilhali cha kujiuliza ni kesho asubuhi kitakuwa na hali gani. Ukikamata breki, rimu inasimama lakini tairi linataka kuendelea kuzunguka. Ukifungua mafuta kwa nguvu, rimu inataka kuliacha tairi nyuma. Kinachovishika viwili hivi pamoja ni upepo unaoukandamiza mdomo kwenye rimu, na msuguano kati ya mpira na chuma. Ukiacha utelezi pale katikati, tairi linajizungusha kidogo kidogo kila unapofunga breki, na tyubu inafuata tairi. Valvu peke yake ndiyo imebanwa kwenye tundu la rimu, haina pa kwenda.

Kuna mteja alileta gurudumu la nyuma akilalamika kwamba tyubu haidumu. Hata kabla sijafungua niliona valvu imeinama kama mnazi wa ufukweni. Nilipotoa tyubu, pale valvu inapokutana na mpira palikuwa na mpasuko wa nusu duara, kingo zake nyeupe kwa kuvutwa. Mahali hapo hapazibiki kwa kiraka. Nikapitisha kidole ndani ya ukingo wa rimu, kikateleza kana kwamba tairi limefungwa asubuhi ileile. Alikuwa amepulizia dawa ya kung'arisha dashibodi, ambayo ina silikoni. Silikoni haiudhuru mpira wa tairi kama mafuta ya petroli yanavyoudhuru, lakini haikauki. Inakaa pale wiki na miezi. Na ikirukia kwenye kashata zinazokanyaga lami, kona ya kwanza tu inaweza kukulaza chini. Ipelekeni kwenye dashibodi, huko ndiko kwao.

Sasa mafuta. Oili, grisi, dizeli, petroli, mafuta ya taa na mafuta ya mgando vyote asili yake ni petroli ghafi, na mpira wa tairi ni ndugu yake wa karibu kikemia. Molekuli za mafuta zinapenya katikati ya minyororo ya molekuli za mpira na kuisukuma iachane. Mpira uliopitia moto kiwandani hauyeyuki, ila unavimba, unalainika na kupoteza nguvu. Tyubu nyingi zimetengenezwa kwa mpira wa butili, unaosifika kwa kuzuia upepo usitoroke, lakini mbele ya mafuta ya madini butili ni dhaifu sana.

Ukitaka kuamini, iguse tyubu iliyolala na oili ndani ya tairi. Ipitishe taratibu kati ya vidole. Sehemu safi ni ngumu kiasi na unene wake uko sawa, kisha ghafla unafika mahali palipotepeta, pamenenepa, panashika ngozi ya kidole. Jaza upepo kidogo na pale patatoa kivimbe kabla ya sehemu nyingine kuanza kujaa. Hata kiraka hapashiki: unakwaruza, unapaka gundi ya pancha, unasubiri, unabandika, na jioni kimebanduka, kwa sababu mafuta yameshaingia ndani ya mpira na kitambaa hakiwezi kuyafuta. Kwenye rimu ya spoki kuna na ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Huo nao ukivimba unajikunja, na kichwa cha spoki kinabaki wazi kuitoboa tyubu.

Mafundi wenzangu hunibishia hapa kwa hoja nzuri: "Mbona oili sili za injini ni mpira, na zinaishi ndani ya oili miaka?" Ni kweli. Lakini sili hizo zimetengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, nitrili, uliobuniwa mahususi ustahimili mafuta. Kwa macho vyote ni mpira mweusi. Kwenye mafuta vinatenda tofauti kabisa.

Mafuta ya kula yana unafuu kidogo kwa mpira, ila hayakauki. Yanabaki yakiteleza, kisha yanachacha na kugeuka gundi chafu inayokusanya vumbi. Sioni sababu ya kuyatumia wakati sabuni ipo kila duka.

Tuje kwenye sabuni. Sabuni ya unga naikataa. Inafua vizuri kwa sababu ndani yake mna magadi soda, na magadi hayo yanaila alumini. Ukiwa na rimu za sport zile za aloi, utaona zinapoteza mng'ao na kutoa unga mweupe pale mdomo wa tairi unapokalia. Chembe ambazo hazikuyeyuka nazo zinabaki katikati ya mpira na rimu. Kama ni tairi lisilo na tyubu, umeshajitengenezea njia ya upepo kutoka polepole.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa, kwa sharti uichanganye na maji. Wanaotengeneza sabuni ya maji mtaani wanalijua jambo hili vizuri: ule uzito wake unatokana na chumvi wanayoongeza mwishoni. Kwa hiyo ukiipaka nzito kutoka kwenye dumu, ukidhani nzito ndiyo bora, unaacha chumvi ndani ya rimu, na chumvi ikikutana na unyevu inaanza kula vichwa vya spoki. Vijiko vikubwa vitatu katika nusu lita ya maji vinatosha. Unataka maji yanayoteleza vidoleni. Povu jingi halikusaidii chochote.

Chaguo langu mwenyewe ni sabuni ya mche. Kwangua kipande cha ukubwa wa kiberiti, kiloweke kwenye nusu lita ya maji ya moto, funika, acha mpaka asubuhi. Utapata ute unaokaa kwenye brashi bila kudondoka ovyo, na hiyo ni faida kubwa, kwa sababu unaupaka pale tu unapotaka. Ukikauka unaacha utando mwembamba unaonata kidogo, na kunata huko ndiko tunakokutaka. Krimu nyeupe za kufungia matairi zinazotumiwa kwenye karakana za magari nyingi kimsingi ni sabuni iliyotengenezwa kwa uangalifu, na ukipata inayoyeyuka kwa maji, kopo dogo litakufaa kwa muda mrefu. Ila chagua mche uliotulia. Sabuni inayochubua mikono ya mfuaji ina kostiki iliyobaki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, na hiyo usiipeleke karibu na rimu ya aloi.

Na maji je? Sisi wa pwani tuna tabu hii zaidi ya wenzetu wa bara. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu, inagandamana vipande vyeupe visivyoteleza. Halafu chumvi yenyewe inabaki kwenye chuma. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Ni nusu lita tu, hata ukiyanunua hujafilisika.

Kama jua ni kali na ute unakauka kabla hujamaliza, matone machache ya gliserini ile ya dukani yanauchelewesha, nayo haina ugomvi na mpira. Yawe matone kweli, maana gliserini nyingi inavuta unyevu na kuushikilia ndani. Mimi napendelea njia nyingine: tairi jipya nalianika juani nusu saa lilainike, kisha kazi yenyewe naifanyia kivulini.

Kupaka kunataka mkono mwepesi. Kwanza sugua kingo za rimu kwa brashi mpaka kutu na mabaki ya zamani yaishe, kwa sababu hakuna kilainishi kitakachofanya mdomo ukae sawa juu ya kutu. Chukua brashi ndogo ya rangi, upake mdomo wa tairi pande zote mbili na ukingo wa rimu, utando mwembamba tu. Usimimine ndani ya tairi. Maji yakidimbwika mle hayana pa kutokea, na kwenye rimu ya chuma kutu itaanzia ndani usikoona. Tyubu yenyewe naipaka poda ya talki, kavu, nikiisambaza kwa kiganja. Poda inaizuia isigandane na tairi wala kujikunja wakati inajaa. Ukinunua poda soma kopo, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kwa wanga wa mahindi, na wanga ukipata unyevu unakuwa madonge.

Kwenye matairi ya 2.75-17 na 3.00-17 yaliyojaa kwenye bodaboda zetu, ukipaka vizuri na kukandamiza upande wa pili kwa goti uzame bondeni, tailiva inahitaji nguvu ndogo sana. Malizia pale penye valvu, usianzie hapo. Ukijikuta unaning'inia kwenye tailiva kwa uzito wote wa mwili, simama. Mdomo umetoka bondeni mahali fulani, na nguvu hiyo unayoongeza itaibana tyubu au kukata waya.

Wakati wa kujaza, tazama ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi, karibu na rimu. Uwe na umbali uleule kutoka kwenye ukingo, mzunguko mzima. Kama kuna mahali umezama, usiendelee kubana upepo. Toa upepo wote, paka sabuni tena pale palipozama, sukuma kwa mikono, jaza upya. Kiwango cha juu cha kukalisha mdomo kimeandikwa kwenye matairi mengi, aghalabu psi 40, na usikivuke kwa sababu ya uvivu wa kurudia. Waya ukikatika tairi linapasuka likiwa mbele ya uso wako. Na wale wanaomwaga petroli ndani ya tairi lisilo na tyubu na kuwasha kiberiti ili lijae kwa kishindo, nawaomba kwa dhati waache. Huo ni mlipuko, na haukuahidi kuishia ndani ya tairi.

Mdomo ukishakaa, rudisha upepo kwenye kiwango cha mtengenezaji wa pikipiki. Futa kashata kwa kitambaa chenye maji safi, na hakikisha sabuni haijaingia kwenye diski wala kwenye viatu vya breki. Lifunge tairi jioni lilale mpaka asubuhi, likauke. Kilomita 150 hivi za mwanzo nenda taratibu kwenye kona na breki, kwa kuwa hata kashata mpya zenyewe huwa na utelezi wa kiwandani.

Nati ya valvu usiikaze mpaka chini kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko. Tairi likijizungusha, valvu itainama na utaiona kabla haijachanika, na hapo unatoa upepo na kulirudisha tairi mahali pake. Nati ikiwa imebanwa chini, valvu inabaki wima huku mpira unachanika ndani.

Kwa dereva ambaye pancha itamkuta mbali na nyumbani, jaza ute huu kwenye kichupa cha maji cha mililita 100 ukiweke chini ya kiti pamoja na kibrashi. Mafundi wengi wa barabarani wanatumia oili kwa sababu ndiyo iliyo karibu, wala hawana nia mbaya. Mpe kichupa chako kabla hajaanza kufunga, mwambie, "Kaka, naomba utumie hii." Sijaona fundi akikataa.