Cheti cha Uuguzi: Hesabu Pia Miezi Isiyo na Mshahara

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, mama anayeuza mahamri na mbaazi tangu alfajiri, alibisha hodi akiwa na daftari mkononi. Ukurasa ulikuwa na doa la mafuta pembeni, na hesabu ya kumsomesha binti yake cheti cha uuguzi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: karo shilingi 40,000 kwa muhula, mihula mitano, jumla 200,000. Chini yake ameandika mshahara atakaopata binti, 35,000 kwa mwezi. Akagawanya. "Dada, miezi sita tu deni limekwisha. Nikope?"

Nimekuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na saba ya mwisho nafundisha wanafunzi wodini. Swali hili naletewa kila mwaka vyuo vinapoita. Nilimwambia aketi, nikaweka chai, tukafungua ukurasa mpya.

Tulianza na mshahara, maana 35,000 ya kwenye barua ya ajira haifiki mfukoni. Kwa viwango vya 2025, NSSF, akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6, yaani 2,100. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, hapo zimetoka 962. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, 525 nyingine. Kisha kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400, ni kama 1,850. Kinachobaki ni 29,560 hivi, kabla ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kuanza kukatwa kama binti alikopa.

Halafu nikamuuliza mama: binti anafanya nini sasa? Yuko kwenye duka la M-Pesa mtaani, analipwa 12,000. Mama hakuwa ameziandika popote, na hapo ndipo hesabu za wengi zinapopinda. Kozi ni miaka miwili na nusu, miezi thelathini. Hizo ni 360,000 ambazo nyumba hiyo haitaziona. Gharama kubwa kuliko karo yenyewe, na haina risiti.

Tukaongeza nauli. Kwenda na kurudi mjini tuliweka 150 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: 99,000 kwa kozi nzima, karibu nusu ya karo. Tukaweka 30,000 za sare, viatu vya kufunika, saa ya kubandika kifuani, vitabu na ada za mtihani. Na kuna mazoezi ya nje, ambayo wazazi hawaambiwi mapema. Mwanafunzi wa uuguzi hakai darasani tu. Leo yuko hospitali kuu ya Makadara wodi ya wazazi, mwezi ujao kwenye wodi ya akili, halafu anapelekwa zahanati ya kijijini Kwale au Kilifi, na huko lazima apange chumba. Tuliweka 15,000 za miezi mitatu, na nadhani tulikuwa wapole.

Sasa miezi ya kungoja. Kumaliza darasa si kuwa muuguzi. Kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi, kungoja matokeo, kusajiliwa, ndipo uanze kutuma barua za kazi. Tuliweka miezi kumi, 120,000 nyingine ikiwa duka halitampokea tena. Mimi mwenyewe nilipoanza, kazi ya kwanza niliipata kwenye kliniki ndogo ya mtaani iliyonilipa kwa mikupuo, leo elfu tano, wiki ijayo elfu tatu, mpaka nikawa nadaiwa na mwenye duka la unga. Na ule mgomo wa wauguzi wa 2017, ulioanza tarehe 5 Juni ukaisha mwanzoni mwa Novemba, mwajiri wangu alisimamisha mishahara. Nimeshauza cherehani ya mama yangu kwa sababu ya miezi kama hiyo, na bado inaniuma.

Jumla ikawa 824,000. Faida halisi ya kila mwezi ni 29,560 ukitoa 12,000 alizokuwa akipata, yaani 17,560. Gawanya: miezi 47. Karibu miaka minne, si miezi sita. Nikamwonyesha na upande mwingine, kwa sababu kliniki nyingi ndogo haziandiki 35,000. Akiandikwa kwa 20,000, baada ya makato anabaki na 17,950. Faida ni 5,950 kwa mwezi, na deni lile lile linamalizika baada ya miaka kumi na moja na nusu. Mama aliweka kikombe chini.

Sikumwambia aache. Uuguzi umenilisha, umenisomeshea wadogo zangu wawili, na kuna usiku nimeshika mkono wa mtu nikajua hakuna kazi nyingine ningeitaka. Lakini cheti ni ngazi ya chini, na ukikipanda ujue ngazi ya juu iko wapi. Serikalini muuguzi wa cheti huanzia kundi la mishahara G, wa diploma kundi H, na tofauti hiyo inakufuata kila unapopandishwa cheo. Mimi nilianza na cheti. Nilipandia diploma kwa masomo ya mbali, ule mpango ambao shirika la afya la Amref na Baraza waliuanzisha 2005 kwa wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000. Nilisoma kwenye kompyuta mchana nikiwa natoka naiti, navuka feri ya Likoni na usingizi machoni. Ilinigharimu mara ya pili, karo na miaka.

Kwa hiyo aliye na wastani wa C kamili kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ningemshauri aende diploma moja kwa moja. Cheti ni cha mwenye C-, na kwake ni njia ya heshima. Wenye ndoto za Marekani nao wanisikilize: kule muuguzi wa cheti husoma mwaka mmoja hivi, na mwaka 2024 mshahara wa kati wake ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, wa muuguzi wa ngazi ya juu yake, wanayemwita registered nurse, dola 93,600. Lakini ile njia ya mkato ya vibali vya kuhamia iitwayo Schedule A inamtambua huyu wa pili tu.

Na tafadhali tazameni vibandiko kwenye nguzo za umeme. Kozi ya miezi sita ya kuhudumia wagonjwa nyumbani ni kazi halali, wazee wa Nyali wanaihitaji, ila haikufanyi muuguzi wala haikuingizi kwenye mtihani wa Baraza. Nimeona baba ameuza mbuzi wote akidhani mwanawe atavaa nguo nyeupe wodini. Kabla ya kulipa hata shilingi, fungua tovuti ya Baraza, tazama kama chuo kiko kwenye orodha ya walioidhinishwa, na kwa kozi hiyo hiyo unayouziwa.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akampigia binti simu pale dukani. "Wewe, ile gredi yako ilikuwa C au C-?"

Ilikuwa C kamili. Tukafungua ukurasa wa tatu, tukaandika juu: diploma.