Rekodi ya hebaria maana yake nini? Tuchukue ua la kitunguu pori

Hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa. Mmea unabanwa hadi uwe bapa, unagundishwa kwenye karatasi ngumu, pembeni inawekwa lebo. Wengi wakisikia "rekodi ya hebaria" wanafikiria ule mmea tu, kumbe bila lebo hayo ni majani makavu basi. Rekodi ni vyote viwili, mmea wenyewe na maandishi ya nani kauchuma, wapi, lini, udongo wa aina gani. Bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza wana karatasi za hivyo kama milioni 7.

Sasa kwa maua ya sehemu kame yanayotoka kwenye kitunguu ardhini, mambo yanakuwa magumu kidogo. Mfano Boophone disticha ya kusini mwa Afrika, hii kwa kawaida inatoa ua kwanza majani yanafuata baadaye, kwa hiyo aliyefika wakati wa maua anaondoka na ua bila majani, na aliyekuja baadaye anaokota majani ambayo hata hajui ni ya nini, mpaka mtu aweke karatasi mbili au tatu pamoja ndo mmea mzima unaonekana. Na rangi nayo ikikauka inafifia, yaani usipoandika palepale kwamba ua lilikuwa la waridi, imekula kwako.

Halafu kuna kitunguu chenyewe. Ni kinene, hakibaniki, na hakifi haraka, kimezoea kukaa miezi bila maji kwa hiyo kinaweza kuanza kuchipua humohumo kwenye karatasi! Ndo maana wakusanyaji wanakipasua katikati, wengine wanakichovya kwanza kwenye maji ya moto. Kuna mmea wa Marekani, huu ni wa mzizi mnene siyo kitunguu, mpelelezi Meriwether Lewis aliuchuma 1806 ukakaushwa, baadaye ukapandwa ukaota tena, na jina lake la kisayansi likawa Lewisia rediviva, hiyo rediviva ni kama kusema "iliyofufuka".

Kitu kimoja watu wanakosea sana: rekodi hizi huwekwa kwenye ramani kama nukta, sasa wakiona mahali hapana nukta wanasema mmea haupo. Hapana bwana. Nukta inaonyesha mahali mtu alipopita akauona, na wakusanyaji wengi hupita karibu na barabara, tena huenda alipita mwaka wa ukame kitunguu kimelala chini, juu hakuna hata jani. Kwa hiyo nukta ni ushahidi kwamba ulikuwepo siku ile, pasipo nukta bado hujui kitu.

Mimi nikipata karatasi ya zamani nasoma lebo kabla sijaangalia ua. Ikiwa imeandikwa "hakuna majani, mvua imenyesha wiki iliyopita", hapo najua hata mtu wa kwenda kuutafuta leo aende lini.