“Tumetangaza, hawaendi”: dhana potofu kuhusu kuwasomesha mafundi

Dhana: Wafanyakazi hawana hamu ya kusoma.

Kampuni inatangaza kwamba itawasomesha mafundi wake teknolojia ya uhandisi, hawajiandikishi, na uongozi unalalamika: “Tumetangaza, hawaendi.” Kabla ya kupima hamu, tazama ratiba. Fundi wa matengenezo anayeingia mchana wiki hii na usiku wiki ijayo atahudhuriaje darasa la Jumanne na Alhamisi jioni? Kufikia katikati ya muhula amekosa nusu ya vipindi, na vya maabara havifidiwi kwa kunakili daftari la mwenzake. Mpangie zamu isiyobadilika hadi muhula uishe.

Halafu kuna ule utaratibu wa “lipa kwanza, ukifaulu tutakurudishia”. Anayesubiri mshahara kila mwisho wa mwezi atoe wapi ada ya muhula mzima? Kampuni ikilipa chuoni moja kwa moja, kikwazo hicho kinaondoka. Tena, anayetoa ruhusa kwa kweli ni msimamizi wa zamu. Asipopewa mtu wa kuziba pengo atakataa tu, hata mkurugenzi awe amehutubia vizuri namna gani.

Dhana: Teknolojia ya uhandisi ni ya walioshindwa uhandisi.

Hesabu zimo, ila mkazo uko kwenye matumizi: kupima, kufunga, kuendesha na kuboresha mitambo. Fani hii ina mkataba wake wa kimataifa wa nchi kutambuana programu za masomo, wa Sydney (2001), kama wahandisi walivyo na wa Washington (1989) na mafundi sanifu wa Dublin (2002). Ila mfanyakazi aambiwe mapema kwamba mara nyingi shahada ya fani hii haimpi moja kwa moja usajili wa mhandisi kamili.

Dhana: Uzoefu unatosha.

Ukanda wa kusafirishia mizigo unasimama saa nane usiku. Mzoefu anabadilisha kihisi, kifaa kinachotambua mzigo. Unawaka, unasimama tena. Anabadilisha kingine. Aliyesoma mifumo ya udhibiti anafungua mchoro wa umeme, anafuata volti hatua kwa hatua na kukuta waya uliolegea ndani ya paneli. Vihisi vyote viwili vilikuwa vizima.

Dhana: Ukimsomesha, atahama.

Hofu hii ina msingi. Mchumi Gary Becker alionyesha mwaka 1964 kwamba ujuzi unaofaa kila mahali humpa mwajiri sababu ndogo ya kuulipia. Lakini mtu akirudi na cheti akakuta kazi ileile na mshahara uleule, abaki kufanya nini? Cheo na nyongeza viandikwe kabla hajaanza masomo. Mkataba wa kurudisha ada akiondoka mapema unakubalika, mradi deni lipungue kila mwaka anaotumikia. Ukiwa mkali mno, hakuna atakayejiandikisha.

Dhana: Wa miaka 45 amechelewa.

Hajachelewa. Mara nyingi anahitaji wiki chache za kurudia aljebra na trigonometria, na chuo kinachotambua ujuzi alioupata kazini ili asifundishwe upya anachokifanya kila siku. Mradi wake wa mwisho aufanye kwenye mashine inayowasumbua hapo hapo kiwandani.