Vikosi vya Ngoma vya Marekani na Bendi za Shule
Wengi huamini kwamba vikosi vya ngoma na tarumbeta vinavyotumbuiza viwanjani Marekani kila kiangazi ni bendi za shule zenye sare za kupendeza zaidi. Dhana hiyo inaeleweka, lakini vikosi hivyo, ambavyo vingi vya mwanzo vililelewa na vyama vya maveterani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hujitegemea, na muziki wake husimama juu ya ngoma na ala za shaba. Tazama rekodi ya onyesho: ukiona safu ya klarineti au saksafoni, ambazo hazihesabiwi kuwa ala za shaba, yaelekea unatazama bendi ya shule. Marimba zilizopangwa mbele ya uwanja si ushahidi kwamba unatazama kikosi, kwani bendi nyingi za shule ziliuiga mtindo huo kwa vikosi, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, athari ya vikosi hivyo inapoonekana waziwazi.