Kila Piano Ina Kasoro, na Hisabati Inajua Sababu

Piano iliyotuniwa na fundi hodari ina nota ambazo, zikipimwa kwa hesabu, zimepotoka kidogo. Fundi hajakosea. Amezipotosha makusudi, kwa kuwa hana njia nyingine.

Chukua uzi wa gitaa uupige, kisha uubane katikati kabisa upige nusu yake. Utasikia nota ileile, ila ya juu zaidi, kwa sababu nusu ya uzi hutetema mara mbili ya uzi mzima. Umbali huo ni oktava, uwiano wa 2:1. Ukiacha theluthi mbili za uzi, uwiano unakuwa 3:2, yaani kutoka do hadi so, na sauti hizo mbili zikipigwa pamoja hupatana vizuri mno.

Ugunduzi huu huhusishwa na Pythagoras wa Ugiriki ya kale. Husimuliwa pia kwamba alining'iniza vyuma vya uzito mbalimbali kwenye nyuzi akapata uwiano uleule. Hadithi hiyo si kweli, lakini ilinakiliwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwishoni mwa karne ya 16, Vincenzo Galilei, mpiga luti (ala ya nyuzi inayofanana na gitaa) wa Italia na baba yake Galileo, aliamua kujaribu mwenyewe. Akakuta kwamba ili sauti ipande oktava moja, uzito lazima uongezwe mara 4, si mara 2: mtetemo hufuata kipeuo cha pili cha mkazo wa uzi.

Sasa tupande kwa hatua za 3:2. Kutoka do twende so, kutoka hapo twende so ya hiyo so, na kuendelea. Kwenye piano, hatua 12 za namna hii hupitia nota zote 12 na kuturudisha kwenye do, oktava 7 juu. Hesabu inakataa. 3/2 ikizidishwa yenyewe mara 12 ni takriban 129.75, ilhali oktava 7 ni 128 kamili. Ziada hiyo ni karibu robo ya umbali kati ya kitufe kimoja cha piano na jirani yake, na sikio huisikia.

Je, tukiendelea hadi hatua 1,000? Bado. Ili turudi kwenye do, 3 zilizozidishwa zingepaswa kulingana na 2 zilizozidishwa. Ukizidisha 3 kwa 3 milele utapata namba witiri tu. Ukizidisha 2 kwa 2, namba shufwa tu. Witiri na shufwa hazilingani kamwe. Uthibitisho ndio huo, umeisha, na kwangu mimi unazishinda kwa uzuri hadithi zote za Pythagoras.

Basi ziada lazima ifichwe mahali. Kwa muda mrefu mafundi wa Ulaya waliirundika kwenye nota zisizopigwa pamoja mara kwa mara, na sauti mbaya iliyotokea huko wakaiita mbwa mwitu. Njia nyingine ni kuigawa sawasawa kwa nota zote. Mwaka 1584, Zhu Zaiyu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ming nchini China, alikokotoa namba inayohitajika: kipeuo cha 12 cha 2, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara 12 hutoa 2, takriban 1.059463. Kila nota huzidishwa kwa namba hiyo kupata inayofuata.

Gharama yake haikugawanyika sawa. Do ikitetema mara 220 kwa sekunde, so halisi ni 330 na ya piano ni 329.63, wachache watagundua. Lakini mi halisi, yenye uwiano wa 5:4, ni 275, na ya piano ni 277.18. Do na mi hiyo zikishikiliwa pamoja, sauti huyumba karibu mara 9 kwa sekunde. Tumeizoea tangu utotoni, ndiyo maana hatulalamiki. Waimbaji wasio na ala, na wapiga fidla, wana uhuru wa kuisogeza mahali pake.

Mpiga gitaa hana uhuru huo, kwa kuwa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, zimepachikwa. Kwenye uzi wa milimita 650, freti ya saba ingekaa kwenye theluthi kamili, milimita 216.7 kutoka kichwani. Kwa hesabu ya kipeuo cha 12 hukaa kwenye 216.2. Nusu milimita hiyo ndiyo fungu la so katika ile ziada.