Alama za pakiti katika faiawoli, na namna zinavyohimili wateja wengi

Alama ya pakiti ni namba ambayo faiawoli huipa pakiti ya data inapopita kwenye ruta, ili sehemu nyingine za ruta hiyohiyo ziitambue bila kuichunguza upya. Katika Linux namba hiyo ina biti 32, na jambo linalowapotosha wanaoanza ni kwamba haiandikwi ndani ya pakiti yenyewe. Ni kama karani wa ghala asiyepiga chaki kwenye gunia, bali anaweka nukta katika daftari lake: gunia likishatoka mlangoni, ghala la pili halijui chochote kuhusu nukta ile. Anayetaka alama isafiri hadi ruta inayofuata hutumia DSCP, yaani biti 6 zilizomo katika kichwa cha pakiti ya IP, ambazo hutoa thamani 64 tu.

Kazi ya alama ni kugawanya majukumu. Faiawoli huamua pakiti ni ya nani au ni ya huduma gani. Kisha tc, kitengo kinachosimamia foleni, huisoma namba na kuiingiza pakiti katika daraja lake, na kila daraja katika mpango wa foleni kama HTB lina kasi ya uhakika na kasi ya juu kabisa linayoweza kufikia kwa kuazima nafasi ambayo madaraja mengine hayaitumii. Kwa hiyo faiawoli haipunguzi kasi ya mtu yeyote.

Mpango huu hauna shida ukiwa na wateja 20. Mtoa huduma wa intaneti mwenye wateja 2,000 aliyemwandikia kila mmoja kanuni yake katika iptables, programu ya kuandikia kanuni za faiawoli ya Linux, ana hesabu nyingine kabisa, kwa sababu kanuni husomwa moja baada ya moja kutoka juu kwenda chini, na agizo la kuweka alama halisimamishi usomaji: pakiti ya mteja wa kwanza huendelea kulinganishwa na kanuni 1,999 zilizobaki, isipokuwa aliyeziandika amekumbuka kuitoa kwenye orodha mara inapopata alama. Kiungo cha gigabiti 1 kilichojaa pakiti za baiti 1,500 hupitisha takribani pakiti 81,000 kwa sekunde katika upande mmoja, na ukizidisha kwa kanuni 2,000 unapata ulinganishaji milioni 162 kila sekunde. Prosesa huchoka kabla kiungo hakijajaa, na wateja hulalamikia intaneti wakati tatizo ni orodha.

Tiba ya kwanza ni kuamua mara moja kwa kila muunganisho badala ya kila pakiti. Ruta inayofuatilia miunganisho inaweza kuhifadhi alama pamoja na kumbukumbu ya muunganisho, jambo ambalo iptables hulifanya kwa CONNMARK. Pakiti ya kwanza hupitia orodha, alama yake huhifadhiwa, na zinazofuata hurudishiwa alama hiyo kwenye kanuni ya juu kabisa na kuachwa zipite. Faida nyingine huonekana penye NAT, yaani pale ruta inapobadilisha anwani za ndani za wateja kuwa anwani yake ya umma. Majibu yanayotoka nje huingia yakiwa yameelekezwa kwenye anwani ya umma ya ruta, hivyo mwanzoni mwa safari anwani ya ndani ya mteja haionekani, lakini muunganisho unajulikana, na alama hurudi mahali pake.

Tiba ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutangulia katika mtandao mpya, ni kuacha kuorodhesha wateja kama kanuni. Katika nftables, mrithi wa iptables iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2014 na toleo la 3.13, kanuni moja inaweza kuchukua anwani ya mtumaji, kuitafuta katika jedwali la heshi (linalopata jibu bila kupitia mistari yote), na kuipa pakiti alama iliyoandikwa mbele ya anwani hiyo. Wateja wawe 50 au 5,000, muda wa kutafuta haubadiliki sana, na kumwongeza mteja ni kuongeza mstari katika jedwali tu, tofauti na iptables ya zamani, ambayo huandika upya jedwali zima la kanuni kwa kila badiliko. Aliyebaki na iptables anaweza kupata karibu huduma hiyohiyo kwa ipset, ambayo ni orodha ya anwani inayotafutwa kwa heshi.

Biti 32 ni nyingi, na ni busara kuzigawa mapema kwa kinyago, yaani namba inayoonyesha biti zipi ziguswe na zipi ziachwe, kwa mfano biti 16 za chini ziwe za daraja la kasi na za juu ziwe za kuchagua njia ya kutokea, la sivyo kanuni ya njia itafuta alama ya kasi kimyakimya.

Gharama ya kuhifadhi alama kwenye muunganisho hujitokeza mteja anapobadilisha kifurushi: miunganisho iliyokuwa wazi hubaki na alama ya zamani, na mtu anayepakua faili kubwa anaweza kukaa saa nzima kwenye kasi aliyoiacha, mpaka kumbukumbu zake zifutwe au zisahihishwe. Wanaotumia ruta za MikroTik wana mtego wa ziada, kwani FastTrack hurusha pakiti nje ya mkondo wa kawaida wa faiawoli, na pakiti iliyorushwa hivyo haipewi alama hata kama kanuni zimeandikwa kwa ustadi. Nayo foleni ya HTB ina kufuli moja kwa kiolesura kizima, yaani kiini kimoja tu cha prosesa huishughulikia kwa wakati mmoja, hivyo kuongeza kasi ya kuweka alama hakuifanyi itumie vyema prosesa zenye viini vingi.