Nyumba ya pwani, unyevu na vimbunga: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Kimbunga kikishapita, husemwa kwamba upepo umeng'oa paa. Ukipanda kukagua, mara nyingi unakuta habari nyingine: misumari iliyoliwa na kutu hadi ikawa myembamba kama sindano, au mbao zilizooza pale zinapokutana na ukuta. Chumvi na unyevu viliifanya kazi hiyo kwa miaka, na upepo ukaja kumalizia. Ndiyo maana baadhi ya imani zetu kuhusu matunzo ya nyumba za pwani zinanitia hofu: zinatupeleka kuangalia pasipo na tatizo.

"Fungua dirisha moja, la sivyo nyumba itapasuka"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana inamtaka mtu afanye jambo la hatari katika saa ya hatari. Wanaoiamini husema kimbunga hushusha shinikizo la hewa nje, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani itaipasua nyumba. Lakini nyumba ya kawaida ina upenyo kila mahali, chini ya milango, pembeni mwa madirisha, darini, na shinikizo hujisawazisha lenyewe. Kinachobomoa nyumba ni upepo kupata pa kuingilia. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Ukiingia ndani pia, hulisukuma paa hilohilo kutoka chini, na nguvu mbili zinashirikiana kuling'oa. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne.

Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida ya kusini, Marekani, Agosti 1992, uharibifu wa nyumba nyingi ulifuata njia hiyo: mlango mpana wa gereji ulishindwa, upepo ukajaa ndani, paa likafuata. Kwingine mbao za paa zilikuwa zimepigwa pini na misumari iliyokosa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hazikuwa zimeshika kitu.

Kwa hiyo funga kila kitu, na ukaguzi wa kila mwaka uanzie kwenye milango mikubwa, bawaba na makomeo. Kisha ingia darini na tochi uangalie kinachofunga kenchi na ukuta. Msumari uliopigwa mshazari peke yake hauaminiki. Panatakiwa kipande cha chuma kinachoikamata kenchi na kuifunga ukutani, na chuma hicho chenyewe kisiwe kimeliwa.

Utepe wa gundi uliobandikwa kwa umbo la X kwenye vioo nao hausaidii. Hauzuii kioo kuvunjika, ila hukifanya kidondoke vipande vikubwa zaidi, na vipande vikubwa ndivyo vinavyochinja. Kinachosaidia ni vifuniko vya kimbunga, au plaiwudi ya nje yenye unene wa milimita 16 hivi, iliyokatwa, kutobolewa na kuandikwa namba ya dirisha lake kabla msimu haujaanza. Kutafuta plaiwudi siku tahadhari inapotangazwa ni kuchelewa.

"Penye kivuli cha paa hapashiki kutu"

Inaonekana ni akili ya kawaida: mvua haifiki, basi chuma kiko salama. Pwani mambo ni kinyume. Upepo wa bahari hubeba chumvi hadi chini ya upenu, na kwa kuwa mvua haifiki kuiosha, hurundikana. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa pwani hukifikia bila shida. Chuma kinabaki kimelowa bila tone la mvua. Kwa hiyo osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi sehemu zile hasa ambazo hazipati mvua: bawaba, nondo za madirisha, upande wa chini wa mabati yanayotokeza nje, na mapezi ya kiyoyozi cha nje.

Chuma cha pua nacho si dawa ya kila kitu. Aina ya 304 hutoka madoa ya kutu karibu na bahari. Aina ya 316, iliyoongezwa madini ya molibdenamu, hustahimili zaidi. Na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hula misumari ya kawaida haraka, jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi.

Kuhusu zege, wengi huamini nyumba ya zege haihitaji matunzo. Chumvi hupenya polepole hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege hupasuka kutoka ndani. Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa kuziba juu tu kwa lipu na rangi ndiko kunakoficha ugonjwa. Zege bovu lichokolewe hadi nondo ionekane, nondo isafishwe kote, ipakwe kinga, ndipo pajazwe upya. Nondo ikiwa imeliwa sana au ufa uko kwenye nguzo, aitwe mhandisi.

"Ukungu ukishafutwa kwa klorini umekwisha"

Kwenye vigae, sawa. Kwenye ubao au jipsamu, weusi unafifia juu huku maji ya dawa yenyewe yakizama na kuulowesha ukuta zaidi, na ukungu unarudi. (Na klorini isichanganywe kamwe na amonia wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu.) Tatizo ni maji. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo jipsamu iliyolowa vibaya ikatwe na kutupwa. Nunua kipima unyevu, na ulenge chini ya asilimia 60 ndani ya nyumba.

Hapo ndipo inapokuja imani ya kufungua madirisha ili nyumba ikauke. Mvuke wa jikoni au bafuni utoe, ndiyo. Lakini kiyoyozi kikiwa kimeshapoza kuta, hewa nzito ya nje ikiingia hugeuka maji juu yake, kama chupa inavyotokwa jasho ikitoka kwenye friji. Kiyoyozi kikubwa kupita chumba nacho hupoza haraka na kuzima kabla hakijakamua unyevu, unabaki na ubaridi wenye majimaji.

Nje nako wapo wanaoamini minazi na jamii yake inyolewe kabla ya kimbunga. Hapana, isinyolewe hadi yabaki makuti machache yaliyosimama wima. Makuti ya chini hukikinga kilele, na ndiyo yanayoulisha mti. Ondoa makavu na nazi zinazoweza kuruka, uishie hapo.

"Nyumba imesimama, basi imepona"

Daraja la kimbunga, kwa kipimo cha Marekani, hupima upepo peke yake: la 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, la 5 kilomita 252. Halisemi lolote kuhusu mvua wala bahari kupanda, na kimbunga cha daraja la chini kinaweza kuleta maji mengi. Hata nyumba isiyopoteza bati moja, upepo umelitikisa paa kwa saa nyingi. Kwa hiyo tulia kwanza, hakikisha umeme ni salama, kisha rudi darini na tochi. Tafuta mbao zenye alama mpya pembeni mwa misumari, miale ya mwanga pasipokuwa na tundu jana, na doa la maji lililo laini ukilibonyeza kwa kidole. Lipige picha kabla halijakauka, kisha anza kukausha siku hiyohiyo.